Mtangazaji, soma kitabu kabla ya kumwita mwandishi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo ambalo nimelinyamazia kwa muda mrefu, kwa kuwa kila nilipochukua kalamu nilichelea kuonekana mzee mnung'unikaji asiyeridhika na lolote la vijana. Jambo lenyewe ni namna redio zetu zinavyowahoji waandishi, wanamuziki na wanaharakati. Silalamiki kwamba hawaalikwi. Wanaalikwa, tena kwa wingi, na anayefungulia redio hapa Mombasa hakai siku nyingi kabla ya kumsikia mtu aliyetoa kitabu, wimbo au ripoti akikaribishwa studioni kwa bashasha. Ninacholalamikia ni kwamba akishakaribishwa huulizwa kila kitu isipokuwa kazi iliyomleta.

Mwezi uliopita, Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri, nilikaa barazani na redio yangu ndogo nikisubiri mahojiano ambayo kituo kimoja cha hapa mjini kilikuwa kimeyanadi wiki nzima. Kituo chenyewe sikitaji, kwa sababu kosa si lake peke yake. Mgeni alikuwa mwandishi wa kike kutoka Kwale aliyetoa riwaya yake ya pili. Riwaya hiyo nilikuwa nimeinunua na kuisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli mkononi, kama nilivyozoea katika miaka 31 ya kufundisha Kiswahili katika shule za upili, na lilikuwapo swali ambalo lilininyima raha. Msimulizi wa riwaya ni binti, naye anatuhadithia habari za mama yake tangu ukurasa wa kwanza bila kumtaja jina. Mama huyo huitwa "yeye", huitwa "mwenye nyumba", huitwa "mtu wa watu", na jina lake hatulisikii mpaka sura ya mwisho, linapotamkwa na mtu baki kabisa, karani wa hospitali anayejaza fomu. Nilitaka kujua kama mwandishi alilipanga hilo tangu mwanzo au lilimjia njiani.

Swali la kwanza la mtangazaji lilikuwa hili: "Mgeni wetu, hebu jitambulishe, wewe ni nani?" Naomba nisimame hapo kidogo. Kwetu Pwani mtu akikualika nyumbani kwake hakungoji mlangoni akuulize wewe ni nani. Anayekaribisha ndiye anayemjulisha mgeni kwa waliokaa, amtaje jina, amsifu kwa lililo la kweli, kisha ampishe aketi. Mtangazaji anayemwambia mgeni ajitambulishe mwenyewe anatangaza mbele ya mji mzima kwamba hakupata hata robo saa ya kumjua aliyemwita. Baada ya hapo yakaja yale maswali ambayo kila msikilizaji anayajua kwa moyo: ulizaliwa wapi, ulisoma wapi, ulianza lini kuandika, umekumbana na changamoto gani, unawapa vijana ushauri gani, na neno lako la mwisho ni lipi. Jina la kitabu lilikosewa mara mbili. Mara ya pili mwandishi alilisahihisha kwa sauti ya chini, wakacheka wote wawili, wakaendelea. Katika dakika 40 haukusomwa hata mstari mmoja wa riwaya.

Simu zilipofunguliwa, wa kwanza na wa pili walisalimia jamaa zao wa Mtwapa na Changamwe, kama ilivyo ada. Wa tatu alikuwa mama kutoka Likoni, na aliposema "mimi kitabu nimekisoma" niliongeza sauti ya redio. Akauliza: mbona yule mama hatajwi jina hadi mwisho? Lilikuwa swali langu lilelile, limetoka ng'ambo ya pili ya kivuko kwa mtu nisiyemjua. Mwandishi akasema, "Ah, hilo," kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilingojea tangu asubuhi, na hapohapo mtangazaji akaingilia kwamba swali ni zuri sana na wangelirudia baada ya matangazo. Yakaja matangazo ya saruji, ya mkopo wa pikipiki na ya duka la vitenge. Waliporudi studioni aliulizwa kama ameolewa. Swali la mama wa Likoni halikurudiwa tena, nami lile "ah" la mwandishi ningali nalo masikioni.

Kipimo changu ni rahisi. Swali ambalo waweza kumuuliza mwandishi leo, mchezaji wa mpira kesho na fundi wa majokofu kesho kutwa, bila kubadilisha hata neno moja, si swali la kazi ya mtu. Ni swali la kujaza muda. Lina nafasi yake, na sikatai kwamba msikilizaji hupenda kujua mgeni ametoka wapi, lakini likiwa ndilo la kwanza, la kati na la mwisho, basi mgeni amepotezewa siku yake, na aliyekinunua kitabu hana alichoongezewa, wala asiyekinunua hakupewa sababu ya kukitafuta.

Watu wa mji huu hawana udhuru wa kusema hawajui namna ya kuhoji kazi ya mtunzi, kwa kuwa barazani tumelifanya hilo tangu enzi. Aliyewahi kukaa kwenye baraza za Mji wa Kale baada ya isha, kahawa tungu ikizunguka, anajua kwamba malenga akighani beti zake haachiwi kupita hivihivi. Atakatizwa na mzee mmoja: hebu rudia kipande hicho cha pili, utao wako umepungua mzani. Mwingine atauliza kwa nini ametumia neno la Kiamu, lahaja ya Lamu, mahali ambapo Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kina neno lake, naye malenga atajitetea kwamba la Kimvita halimpi kina. Watabishana mpaka kahawa iishe. Hakuna anayemuuliza ana watoto wangapi, kwani wanajua, na hata wasiojua wanaona si mahali pake. Huo ndio uhodari wa kuhoji, nao haukujifunziwa katika chuo chochote cha uanahabari. Unatokana na kuisikiliza kazi kwa makini hadi uone palipofungwa fundo.

Zamani kabla ya redio, mji huu ulipata faida kubwa kwa sababu palikuwa na mtu aliyejua nini cha kukumbuka. Muyaka bin Haji, malenga mkubwa wa Mombasa, alifariki mwaka 1840, na beti zake nyingi alizitunga papo kwa papo juu ya mambo yaliyokuwa yakitokea: ugomvi wa Wamazrui waliotawala Mombasa na Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, njaa, mapenzi, deni, dhihaka baina ya marafiki. Beti za namna hiyo zikitengwa na kisa chake hugeuka mafumbo matupu. Hazikugeuka, kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizihifadhi pamoja na maelezo yake, akazipitisha kwa W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekuwa akiishi hapa mwishoni mwa karne ya 19, na karatasi za Taylor zikahifadhiwa London, mpaka diwani ikachapishwa mwaka 1940, miaka 100 kamili baada ya mtunzi kufa. Tazama ni nini kilichohifadhiwa: neno hili maana yake nini, beti hizi zilimlenga nani, zilijibu shairi gani. Kama Mwalimu Sikujua angaliridhika na kujua Muyaka alizaliwa mtaa gani na anawashauri vijana nini, leo tusingekuwa na Muyaka wa kumsomesha mtoto.

Nakuja kwenye muziki, na hapa ndipo ninapoumia zaidi, maana taarabu ya Mombasa ni sanaa ya watu watatu au wanne ambayo redio huifanya ya mtu mmoja. Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, alikuwa na sauti ambayo hadi leo ikipigwa kwenye teksi dereva hupunguza mwendo. Lakini maneno ya nyimbo zake nyingi yalitoka katika kalamu ya jamaa yake, Ustadh Ahmad Nassir, mmoja wa malenga wakubwa wa Mvita, na mahadhi ya nyimbo kadhaa yalitoka kwenye filamu za Kihindi zilizokuwa zikionyeshwa katika majumba ya sinema ya mji huu. Kwa hiyo wimbo mmoja una mwenye maneno, una asili ya mahadhi, una mwenye sauti, na una wapigaji. Mtangazaji huupiga, akatamka jina la mwimbaji, akapita. Sijui ni mara ngapi nimesikia beti za Ahmad Nassir hewani bila jina la Ahmad Nassir.

Na hebu fikiria ni maswali mangapi yamelala hapo. Shairi la kawaida lina mizani 16, yaani silabi, katika kila mshororo, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), na kina kinaangukia mahali maalumu. Mahadhi ya Kihindi hayakuumbwa kwa hesabu hiyo. Mwimbaji anafanyaje? Anavuta irabu? Anakariri kipande? Anamwomba mtunzi abadilishe neno? Nani alikuwa akikubali kushindwa, mshairi au mwimbaji? Wapo wazee hapa mjini waliopiga nyuma ya waimbaji wakubwa, walio na majibu ya maswali hayo vidoleni mwao, na wakiitwa redioni huulizwa enzi zao zilikuwaje na muziki wa sasa wanauonaje. Wanajibu kwa adabu kwamba enzi zao zilikuwa nzuri na wa sasa si mbaya. Wakatoka. Mpigaji wa taishokoto, kile kinanda cha nyuzi chenye vibonyezo kama vya taipureta kilichotoka Japani kikaingia taarabuni kwetu kama kwamba kilizaliwa mtaa wa Kuze hapa Mji wa Kale, naye hakuna anayemwambia, mzee, hebu tupigie mstari mmoja polepole utuonyeshe mkono wa kushoto unafanya nini. Redio ni chombo cha sauti, na ala imekaa kimya mapajani mwa mwenyewe dakika 30 nzima.

Kwa vijana mambo ni mabaya zaidi, na hili nalisema nikiwa upande wao. Mjukuu wa dada yangu hutengeneza muziki katika chumba kimoja huko Kisauni, kwa kompyuta na kipaza sauti kilichofungwa kwa soksi. Alipoitwa redioni kwa mara ya kwanza ukoo mzima ulikaa kusikiliza. Alikuwa ameingiza ndani ya wimbo wake mlio wa honi ya feri, ameukatakata ukawa mdundo, jambo ambalo mimi mwenyewe sikulitambua mpaka aliponionyesha. Redioni aliulizwa ana bifu na msanii gani. Akajibu hana. Akaulizwa tena, kwa sababu jibu la kwanza halikunoga.

Kuhusu waandishi nitaongeza jambo moja, kwa kuwa lipo kosa la aina nyingine ambalo wahoji wazuri pia hulifanya. Maisha ya mtu yanaweza kuwa makubwa hadi yakaimeza kazi yake. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji huu, alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1968 kwa ajili ya waraka wa kuikosoa serikali, akafungwa hadi 1972, na mashairi aliyoyaandika gerezani, mengine juu ya karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Kisa hicho ni cha kusimulika, na kila anayemhoji hukisimulia upya. Lakini msikilizaji akishasikia habari za karatasi za chooni mara kumi, je, amewahi kusikia akiulizwa kuhusu Kimvita alichoandikia, ambacho msomaji wa bara hulazimika kukitafutia sharhe, yaani maelezo ya maneno? Au kuhusu namna mtu aliyefungiwa peke yake anavyotunga shairi la majibizano, lenye sauti mbili zinazopingana? Huyu bwana mwenyewe baadaye alikuwa mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC huko London, kwa hiyo anazijua pande zote mbili za kipaza sauti, na nahisi angefurahi kuulizwa juu ya vina.

Na kwa kuwa watangazaji wetu hutamka neno "runinga" mara ishirini kwa siku, ningependa siku moja waseme kwamba lilibuniwa na Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki hapa Pwani mwaka 2017. Ni hilo tu, naendelea.

Wanaharakati nao wana msiba wao. Mwandishi huulizwa ameolewa au la. Mwanaharakati huulizwa anagombea kiti gani. Sidhani kama nimewahi kusikia mahojiano ya mtetezi wa haki katika kituo cha hapa ambayo swali hilo halikuchomoza, likifuatana na dada yake, "nani anakufadhili?" La pili ni halali kabisa na lijibiwe. Lakini kazi ya mwanaharakati, kama ni kazi, ina ufundi wake kama wa seremala, na ufundi huo ndio ambao sisi wananchi tungefaidika kuujua.

Chukua kesi ya Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato cha chini hapahapa kaunti ya Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua mazingira kwa madini ya risasi, sumu ikaingia hewani, majini na katika damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza wakazi katika mapambano yaliyompa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Hiyo ni safari ya miaka mingi, na ndani yake yamo mambo ambayo mkazi wa mtaa mwingine wenye kiwanda, na mitaa hiyo ni mingi kuanzia Jomvu hadi Mazeras, anayahitaji kama maji. Damu ya mtoto hupimwa risasi wapi, na nani hulipia? Cheti cha maabara kinaandikwaje ili mahakama ikikubali? Watu wanaohama mtaa hutafutwa vipi miaka kadhaa baadaye waje kutoa ushahidi? Kesi ikitenguliwa kwenye rufaa, unawaambia nini majirani waliokwisha kuhesabu fidia? Mtangazaji akiniletea mwanaharakati wa aina hiyo akamuuliza hayo, mimi nitaandika kwenye daftari. Akimuuliza alijisikiaje kupokea tuzo, nitabadilisha kituo nitafute kaswida.

Hapa lazima niwakosoe wanaharakati wenyewe pia, kwa kuwa wengi wao huingia studioni na lugha ya warshani. Husema wanawahamasisha wadau wajenge uwezo wa kuimarisha mikakati jumuishi, na dakika tano zikipita hujui kama wanazungumzia maji, ardhi au mikoko. Mtangazaji aliyejitayarisha angemkatiza kwa upole: ndugu yangu, wadau ni nani? Ni wavuvi wa Mtongwe? Basi sema wavuvi wa Mtongwe. Waandishi nao hawajasalimika. Wapo wanaosema riwaya yao "inaakisi uhalisia wa jamii", na mtu akiwauliza ni jamii ipi na uhalisia upi hujibu kwamba msomaji ajisomee.

Nisiwe mkali kwa watangazaji kupita haki. Nilipata kuingia katika studio ya redio ndogo ya hapa nilipowapeleka wanafunzi wangu, miaka michache kabla ya kustaafu, nikamkuta kijana mmoja akisoma habari, akichagua nyimbo, akipokea simu, akiangalia saa ya matangazo ya biashara, na wakati huohuo akimhoji mgeni. Alikuwa na kipindi kingine jioni. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asome riwaya ya kurasa 200 kufikia kesho, atakuona huna huruma. Wachapishaji nao wana lawama, kwa sababu wengi hawapeleki nakala redioni, au huipeleka asubuhi ileile ya mahojiano, ikiwa kwapani mwa mwandishi mwenyewe, na mtangazaji huiona kwa mara ya kwanza wakati mgeni anavaa visikizi. Wenye vituo nao hutaka simu ziite, na simu huita kwa bifu upesi kuliko kwa mizani.

Hata hivyo, kusoma sura mbili si kusoma kurasa 200. Kusikiliza albamu nzima kwa kawaida hakuzidi saa moja, na kunaweza kufanywa ndani ya gari la matatu. Nakala ya hukumu ya kesi ya mazingira inapatikana bure kwenye intaneti, na aya zake za mwisho hujitosheleza. Nisingedai zaidi ya hapo. Mtangazaji apewe kitabu wiki moja mbele, na asipokipata, aahirishe mahojiano badala ya kuyafanya kipofu. Afungue kipindi kwa kusoma yeye mwenyewe aya moja aliyoichagua, kwa sauti, kisha amgeukie mgeni amuulize juu ya aya hiyo. Nina hakika kwamba kipindi kinachoanza hivyo hakiwezi kupotea njia kirahisi, maana tayari kuna kitu mezani ambacho wote wawili, pamoja na sisi tulioko majumbani, tunakitazama. Wimbo ukipigwa, atajwe aliyetunga maneno kabla ya aliyeimba. Na msikilizaji akipiga simu akasema kitabu amekisoma, basi matangazo ya saruji yangoje. Saruji haiharibiki kwa dakika tatu.

Liko jambo jingine ambalo halihusu maswali bali kinachofanyika majibu yakishatolewa. Zamani mahojiano yalirekodiwa kwenye kanda, na kanda zilikuwa ghali, kwa hiyo redio nyingi duniani zilifuta za jana ili kurekodia za leo. Tulipoteza mengi kwa njia hiyo. Leo mahojiano ya saa nzima hukaa katika kifaa kidogo kuliko ukucha, na bado tunayapoteza, kwa uvivu tu. Nilipomwendea mhusika wa kituo fulani, nikiomba nakala ya mazungumzo waliyofanya na mpigaji udi mmoja aliyefariki miezi minane baadaye, niliambiwa kompyuta ilibadilishwa. Mzee yule alikuwa amecheza hewani wimbo ambao watoto wake hawakuwahi kuusikia. Waliniuliza mimi kama nimeunasa, kwa kuwa wanajua nina tabia ya kuweka simu karibu na redio. Siku hiyo sikuwa nimeiweka. Kituo kinachomwalika mzee wa miaka 80 kina wajibu wa kuhifadhi sauti yake na kuipa familia nakala, na kuandika tarehe, jina lake, majina ya nyimbo na ya watunzi. Kazi hiyo inahitaji daftari na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa, alianza mwaka 1966 kipindi chake cha redio kilichoitwa Je, Huu ni Ungwana?, akakiendesha kwa miongo mingi akituuliza juu ya tabia zetu majumbani, barabarani na kazini. Nimekuwa nikijiuliza angesema nini kuhusu mwenyeji anayemwita mgeni aje na kitabu chake, asikifungue, kisha amuulize ameolewa na nani.

Mwisho, nataka kutoa kitu pamoja na malalamiko. Nyumbani kwangu nina kabati tatu za vitabu vya Kiswahili: diwani, riwaya, tamthilia, na baadhi ya vile ambavyo havichapishwi tena. Mtangazaji yeyote wa kituo chochote cha Mombasa anayejiandaa kumhoji mwandishi wa Pwani, na asiye na nakala ya kazi yake, anakaribishwa aje aazime. Ofisi yako, Mhariri, ina anwani yangu na inaweza kumwelekeza. Nitampa na kahawa. Kitabu nakitaka kirudi katika siku 14, na yule mwandishi wa Kwale akialikwa tena, naomba aulizwe lile swali la mama wa Likoni.

Wako mwaminifu,

Mwalimu mstaafu,
Kibokoni, Mombasa